Karameli ya mkebe au ya sukari? Kuchagua namna ya kupika biskuti ya milionea hapa Lubumbashi

"Yaya, nifanye ya mukebe ao ya sukari?"

Mdogo wangu alinipigia simu kutoka mtaa wa Katuba saa kumi na mbili jioni. Mkebe wa maziwa ulikuwa mezani, sukari ilikuwa mezani, mbabula, jiko letu la mkaa, imekwisha kushika moto, na kesho yake mtoto wake anatimiza miaka saba. Sikumjibu. Nilimuuliza kwanza kama umeme upo. Akacheka kicheko cha mtu ambaye hajauona tangu asubuhi. "Basi fanya ya mkebe," nikamwambia. "Ya sukari uiache mpaka siku utakayoweza kuona rangi ya kitu kilicho ndani ya sufuria."

Swali hilo naulizwa kila baada ya sherehe, tangu nilipoanza kupeleka biskuti hizi kwa ndugu na majirani, kwa hiyo leo naliandikia jibu refu. Ni biskuti ya siagi chini, karameli katikati, chokoleti juu, kisha inakatwa vipande vya mraba. Ile biskuti ya chini asili yake ni Uskoti. Ilipopandiwa tabaka mbili za juu ikapata jina la milionea, na Waaustralia wao wanasema tu kipande cha karameli. Kwetu jina hilo linachekesha, maana bei ya siagi peke yake inakufanya milionea dukani na maskini ukifika nyumbani.

Tatizo la mapishi mengi unayoyakuta ni kwamba yameandikiwa jiko la mtu mwingine: oveni isiyozimika, friji yenye nafasi, mji ulio kando ya bahari. Sisi tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kwa chai haina neno. Kwa karameli ina neno kubwa, nitalirudia hapo chini. Na kwa maoni yangu karameli ndiyo inayoamua kila kitu. Ukishaichagua hiyo, biskuti ya chini na chokoleti ya juu zitajipanga zenyewe.

Ya mkebe

Soma mkebe kabla hujalipa. Unaoutaka umeandikwa *lait concentré sucré*, maziwa mazito yenye sukari. Jirani yake kwenye rafu ni *non sucré*, yasiyo na sukari, mkebe unafanana, na huo hata uupike mpaka asubuhi hautakuwa karameli ya kukatika. Kisha geuza mkebe usome kilichomo ndani. Mingine ina maziwa kidogo na mafuta ya mawese mengi. Haidhuru mtu, ila ukahawia wa karameli hii unatokana na protini na sukari za maziwa kupikwa pamoja polepole, kwa hiyo maziwa yakipungua, rangi na ladha navyo vinapungua. Utapata kitu kitamu, cheupe-cheupe, kisicho na hadithi.

Kuna njia mbili za kuutumia. Ya kwanza ni ile ya kuchemsha mkebe ukiwa umefungwa, saa tatu ndani ya maji. Watu wanaipenda kwa kuwa haina kazi ya mikono. Mimi siifanyi tena. Maji yakipungua mkebe ukabaki wazi, unaweza kupasuka, na hata baadhi ya viwanda vinavyotengeneza maziwa hayo vinaonya watu wasifanye hivyo. Halafu, saa tatu za makala, yaani mkaa, kwa ajili ya mkebe mmoja! Kwa moto huo unapika maharagwe, sombe (majani ya muhogo) na bukari (ugali), na bado unapata maji ya kuoga.

Njia ya pili ndiyo niliyompa mdogo wangu. Mkebe mmoja wa gramu 397 au karibu na hapo, siagi gramu 100, sukari gramu 100, asali vijiko viwili vya mezani, chumvi robo ya kijiko cha chai. Yeyusha siagi na sukari na asali kwanza, kisha mimina maziwa, na tangu hapo mkono usitoke kwenye mwiko. Dakika 10 mpaka 15. Iko tayari ukipitisha mwiko katikati na ile njia uliyoifungua ikakaa wazi kitambo kidogo, chini ya sufuria ikionekana, kabla ya kuzibika. Ukiona punje za kahawia zikielea, imeanza kushika chini. Usikwangue! Hamishia iliyo juu kwenye sufuria nyingine na uendelee, kilichoshika waachie watoto.

Kwenye mbabula, adui ni moto usiopungua kwa haraka. Gesi unazungusha, makala hayazungushwi. Mimi nafunika makala kwa majivu kabla ya kuanza, na nikiona inachemka kwa hasira naiepua sufuria nzima na kuiweka chini huku nakoroga. Tumia sufuria nene ya kusubu, zile zinazotengenezwa na mafundi wetu kwa aluminiamu chakavu. Sufuria nyembamba inaunguza upande mmoja huku upande mwingine bado ni maziwa.

Kama mkebe umepanda bei au umekosekana, maziwa ya unga yanafanya kazi. Gramu 110 za maziwa ya unga yenye mafuta yake, sukari gramu 180, maji ya moto mililita 110: hapo unapata kiasi cha mkebe mmoja. Yeyusha sukari katika maji kwanza, ndipo unyunyize maziwa yaliyochekechwa, vinginevyo utapata uvimbeuvimbe ambao hauondoki. Karameli yake inakuwa na mchanga kidogo ulimini. Mimi nauona, wageni hawajawahi kuusema.

Ya sukari

Hii ndiyo ninayoipenda, na ndiyo iliyonitia aibu mara nyingi zaidi.

Sukari gramu 200, maji mililita 60, asali vijiko viwili, krimu mililita 150, siagi gramu 100, chumvi nusu kijiko cha chai. Sukari, maji na asali vinakwenda motoni, vinachemka, maji yanakauka, na sukari ikipita nyuzi 160 hivi inaanza kubadilika rangi: kwanza kama chai ya rangi iliyozimuliwa, kisha kama asali mpya, kisha kama shaba. Kwenye shaba unatoa sufuria motoni na kumimina krimu iliyokwisha kupashwa moto. Itapanda na kufoka kama imetukanwa. Watoto wawe nje, na sufuria iwe kubwa mara tatu ya unachodhani kinatosha, kwa sababu karameli ikikurukia inaganda kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Ikitulia, siagi na chumvi, kisha rudisha motoni ipungue mpaka kiwango cha kukatika.

Hapo ndipo mwinuko wetu unapoingia. Pishi likikuambia nyuzi 118, hizo ni za kando ya bahari. Huku kwetu ukifika 118 utakuwa na pipi ya kuvunja meno. Chukua kipimajoto chako, kitie kwenye maji yanayochemka jikoni mwako, tazama kinasoma ngapi. Kikisoma 96, toa 4 kwenye kila namba ya karameli yenye krimu: 118 inakuwa 114. Ile nyuzi 160 ya sukari kubadilika rangi haihusiki, kwa kuwa pale maji yamekwisha kuondoka, na hapo unafuata macho. Usiye na kipimajoto, dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi. Likikusanyika kuwa kidonge kinachobonyea lakini hakimwagiki ukikiweka kidoleni, toa.

Mara yangu ya kwanza sukari iligeuka. Nilikuwa nakoroga, maana nani alinifundisha kukaa bila kukoroga chungu? Punje chache zikashika ukingoni mwa sufuria, zikaanguka ndani, na yote ikarudi kuwa mchanga mweupe mbele ya macho yangu. Tangu siku hiyo naweka asali, kwa sababu sukari zake ni za aina nyingine na zinazuia punje zisishikane. Ndimu matone machache nayo inafanya kazi hiyo. Asali yetu ya miombo, ile nyeusi yenye harufu ya moshi, inatia ladha ambayo hakuna kopo la duka linayo. Ila ni kali, vijiko viwili visivuke.

Na utumie sukari nyeupe. Ile ya kahawia inayopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ni nzuri kwa njia ya mkebe, lakini hapa inakuficha rangi, na rangi ndiyo saa yako. Ndiyo maana niliuliza habari ya umeme. Kwa tochi ya simu, shaba na iliyoungua zinafanana, na tofauti kati yao ni nusu dakika.

Krimu ikikosekana unaweza kutumia yale maziwa ya mkebe *non sucré* niliyokukataza mwanzo. Yana maji zaidi, kwa hiyo utasimama hapo muda mrefu zaidi, na yanapenda kuganda mabonge yakimwagwa baridi.

Kwa mtu anayetaka kuzitazama pamoja:

| | Mkebe, kwenye sufuria | Sukari na krimu |
|---|---|---|
| Muda motoni | dakika 10 hadi 15 | dakika 25 hadi 40, kutegemea moto |
| Mwanga | tochi inatosha | mchana, au taa nzuri |
| Kinachoharibu | kushika chini | kugeuka mchanga, kuungua, kupika kupita kiasi |
| Kiasi kwa chombo cha sentimita 20 kwa 20 | gramu 600 hivi, tabaka nene | gramu 400 hivi, tabaka jembamba |
| Ladha | maziwa, tamu moja kwa moja | tamu yenye uchungu kidogo nyuma |
| Wanaoimaliza kwanza | watoto | wanywaji wa kahawa |

Mstari wa gramu ndio watu wanausahau wanapohesabu fedha. Wanaona sukari ni rahisi kuliko mkebe, wanasahau krimu, na wanasahau kwamba mkebe unatoa nusu zaidi. Ukitaka unene uleule kwa njia ya sukari, itabidi uongeze kila kitu kwa nusu, siagi ikiwemo. Kwa anayeuza, mkebe unashinda. Kuna pia mikebe ya karameli iliyokwisha kupikwa, inayotoka Afrika Kusini. Ukiipata ni ya kufungua na kupaka, lakini ni laini mno kwa kukata vipande. Inabidi uirudishe motoni na siagi, na hapo sioni umeokoa nini.

Biskuti ya chini

Kanuni ya Waskoti ni moja, mbili, tatu: sukari sehemu moja, siagi mbili, unga wa ngano tatu. Kwa chombo cha sentimita 20 ni gramu 60, 120 na 180. Hakuna yai, hakuna unga wa kuumua. Sugua kwa vidole mpaka iwe kama mchanga wenye unyevu, kandamiza, toboa kwa uma, choma kwenye nyuzi 160 hadi 170 kwa dakika 25 hadi 30, mpaka kingo ziwe na rangi ya ngozi ya mkate. Usiikande kama chapati, itakuwa ngumu. Kijiko kimoja cha unga laini wa bukari badala ya kijiko cha ngano kinaifanya imomonyoke vizuri mdomoni. Viwili, na utasikia unatafuna bukari.

Siagi au margarini? Katika karameli ya sukari, siagi, sibishani na mtu. Katika biskuti ya chini margarini inakubalika, kwa sharti usome asilimia ya mafuta kwenye kifungashio. Siagi ina asilimia 80 au zaidi. Margarini ya kupaka mkate inaweza kuwa 60 au chini, kilichobaki ni maji, na maji hayo yanageuza biskuti kuwa kigae. Tafuta ile ya mche, ya kuokea.

Bila oveni? Keki tunazipika vizuri kwenye sufuria kubwa yenye mchanga chini na makala juu ya kifuniko, na watu wanadhani biskuti itakubali vilevile. Keki inapenda mvuke, biskuti inauchukia. Ndani ya sufuria iliyofungwa inaiva ikiwa laini, na saa chache chini ya karameli inakuwa kama kadibodi iliyolowa. Ukilazimika, weka kijiti kifuniko kipumue, makala mengi juu na machache chini, na uongeze dakika 15. Mimi, umeme ukikosekana, navunja biskuti za pakiti gramu 220, nachanganya na siagi iliyoyeyushwa gramu 100, nakandamiza kwa chini ya glasi na kuacha zigande. Si sawa, sidanganyi mtu, lakini ni bora kuliko kadibodi. Kwa kuwa biskuti za pakiti zina sukari yake, punguza ile sukari gramu 100 ya karameli ya mkebe iwe 50, na uongeze chumvi. Juu ya biskuti za pakiti karameli ya sukari ndiyo inayokaa vizuri zaidi, ule uchungu wake unazituliza.

Chokoleti, na mwezi wa kumi

Hapa kalenda inaamua. Chokoleti ya kweli ina siagi ya kakao, ambayo inayeyuka karibu nyuzi 34. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi zetu zikiwa na baridi ya koti, unaiweka mezani inaganda na kung'aa bila friji. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, jua la mchana linakaribia kiwango hichohicho, na ndani ya gari linakivuka. Niliwahi kupeleka chombo kizima Kolwezi kwa basi, kilomita 300 hivi, nikafika na mchuzi.

Kwa hiyo angalia pakiti tena. Ikiandikwa *beurre de cacao* ni ya kweli. Ikiwa ni *matière grasse végétale* tu, ni ile ya kufunika keki, yenye mafuta ya mimea badala ya siagi ya kakao. Ladha yake ni ya nta kidogo, bei yake ni ya chini, inaganda bila masharti na haidai ujuzi wowote. Kwa sherehe ya watoto nje mwezi wa kumi natumia hiyo bila kuona haya. Kwa wageni wa nyumbani msimu wa baridi, ya kweli na nyeusi, gramu 150, kwa sababu karameli imekwisha kuleta sukari ya kutosha.

Ya kweli ina adabu zake. Usiiyeyushe juu ya moto wenyewe. Tia theluthi mbili kwenye bakuli juu ya mvuke wa maji, toa ikiyeyuka, kisha koroga theluthi iliyobaki ndani yake ikiwa imekatwakatwa, mpaka ipoe na kuwa karibu nyuzi 31 au 32. Mguso wa mdomo utahisi ubaridi kidogo. Ukiruka hatua hiyo itaganda na madoa ya kijivu. Si ukungu, inaliwa, ila mteja hatakuamini. Tone la maji likiingia, inashikana kama udongo. Wengine wanaongeza kijiko cha mafuta ya kupikia ili isipasuke wakati wa kukata. Mwezi wa saba ni wazo zuri. Mwezi wa kumi unaomba mchuzi.

Kukata

Karameli ya mkebe ipoe kabisa kabla ya chokoleti, saa mbili mezani zinatosha. Ya sukari vilevile, ingawa ukiichelewesha kuitoa motoni utaikuta imeganda kabla hujaisawazisha. Chora mistari kwenye chokoleti ikiwa bado inakubali kisu, halafu ikigandika kabisa pita kwenye mistari ileile kwa kisu kilichochovywa maji ya moto na kufutwa. Kufuta ni lazima. Vipande vya sentimita 4 ni 25 kwa chombo kimoja, na kipande cha ukubwa huo kinamtosha mtu mzima, hata akisema hakimtoshi.

Mdogo wangu alimaliza saa nne usiku, biskuti za pakiti chini, mkebe katikati, chokoleti ya kufunika keki juu, tochi ya simu ikiwa imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta. Asubuhi alipata vipande 25. Watoto waliokuja walikuwa 31. Akakata kila kimoja pembe kwa pembe, vikawa 50, na hakuna mtoto aliyelalamika. Waliolalamika ni mashangazi.